Kabla ya kubadilisha skejula, tafuta foleni iko wapi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina steshenari na studio ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta ninayohariria video za harusi ina prosesa ya viini vinne, RAM ya GB 8, na inatumia Linux. Nikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kwa programu ya kuhariria ya Kdenlive, na hapo hapo mteja anataka nimfungulie tovuti ya maombi ya mkopo, mausi inaruka, herufi zinatokea mimi nimeshamaliza kuandika, na muziki unakatika. Kijana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp anasema niweke keneli yenye skejula ya BORE, kila kitu kitateleza. Nitajuaje kama kweli inasaidia na si macho yangu yanayojidanganya? Na ikisaidia, niiweke pia kwenye kompyuta tatu za wateja?

Jibu: Marahaba dada. Swali lako la kwanza ni zuri kuliko ushauri uliopewa, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu.

Skejula ni sehemu ya keneli, ule moyo wa Linux unaoendesha mashine, na ndiyo inayoamua ni programu gani ishike prosesa sasa hivi na ni ipi isubiri. Fikiria mashine ya kusaga, mmoja amekuja na debe moja la mahindi, mwingine ana magunia kumi. Ukifuata aliyetangulia tu, mwenye debe anaweza kushinda pale mchana kutwa. Skejula inakata magunia vipande vipande na kumpenyeza mwenye debe katikati, ila ihakikishe mwenye magunia naye hadhulumiwi. Mausi, kibodi na brauza ni watu wa debe. Kurenda ni magunia.

Linux imebadilisha utaratibu huu mara kadhaa. Mwaka 2007, toleo 2.6.23 lilileta skejula ya CFS iliyoandikwa na Ingo Molnár. Mwaka 2009 Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyekuwa akiandika keneli kama kazi ya pembeni, akatoa BFS kwa sababu aliona watengenezaji wanazijali mashine kubwa za seva na kumsahau mtu wa kompyuta ya mezani. Toleo 6.6 la mwaka 2023 likaweka EEVDF badala ya CFS, kazi ya Peter Zijlstra iliyojengwa juu ya wazo lililoandikwa na watafiti miaka ya 1990. BORE aliyokuambia kijana wako ni kiraka kinachobandikwa juu ya skejula hiyo ya kawaida: kinaangalia programu hushika prosesa kwa muda gani kabla ya kuiachia yenyewe, kisha kinazipendelea zile zinazoshika kidogo na kuondoka. Si utapeli. Lakini kijana hajui tatizo lako ni lipi, na wewe pia bado hujalijua.

Dalili ulizotaja zina asili angalau tatu. Inawezekana programu zinasubiri prosesa. Inawezekana RAM imejaa na keneli inahamisha kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, kwenda diski na kurudi. Na inawezekana diski yenyewe imezidiwa na faili la video linaloandikwa. Mbele ya skrini zote tatu zinafanana kabisa. Skejula inatibu ile ya kwanza tu.

Kuzitenganisha ni kazi ya dakika chache. Anza kurenda, fungua brauza kama ufanyavyo siku zote, na mambo yakianza kukwama andika hivi kwenye terminali:

cat /proc/pressure/cpu /proc/pressure/memory /proc/pressure/io

Hesabu hizi zipo tangu toleo 4.20 la keneli. Ukiambiwa faili halipo, kwenye baadhi ya matoleo ya Linux lazima uwashe kompyuta na neno psi=1 kwenye mstari wa kuanzishia keneli. Utaona mistari inayoanza na "some" na "full", kila mmoja na avg10, avg60 na avg300. "some avg10=35.00" maana yake ndani ya sekunde 10 zilizopita, kwa asilimia 35 ya muda kulikuwa na angalau kazi moja iliyosimama ikisubiri kitu hicho. "full" ni mbaya zaidi: kazi zote zilizokuwa na la kufanya zilisimama kwa pamoja.

Namba ya cpu ikiwa juu na nyingine mbili ziko karibu na sifuri, endelea kusoma, skejula inahusika. Ya memory ikiwa juu, acha kila kitu, mjadala wa BORE umeisha. Kwa GB 8, Kdenlive yenye video za HD pamoja na brauza yenye vichupo vingi, mimi ningeanza kuitilia shaka RAM kabla ya kitu kingine chochote. Ya io ikipanda peke yake, angalia kama unasoma video za kamera kutoka kwenye fleshi au diski ya nje huku unaandika matokeo hapo hapo. Watu wengi hufanya hivyo bila kufikiri.

Kuna asili ya nne isiyoonekana kwenye faili hizo: joto. Niliwahi kuletewa laptopu kutoka Ng'ambo, Tabora, mwenyewe akiwa ameshabadilisha keneli akitafuta wepesi. Feni ilikuwa imeziba kwa vumbi la kiangazi, na kila akianza kurenda prosesa ilishusha kasi yake hadi chini ya GHz 1 ili isiungue. Hakuna skejula inayopuliza vumbi. Wakati wa mzigo andika grep MHz /proc/cpuinfo, subiri dakika kumi, andika tena. Namba zikiwa zimeporomoka, tafuta bisibisi na brashi.

Sasa tuseme foleni kweli iko kwenye prosesa. Hata hapo BORE si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kuiambia skejula uliyonayo kwamba kurenda ni kazi isiyo na haraka, kwa sababu hiyo haijui. Hapa kuna mtego unaowakamata hata wazoefu.

Kila mtu anaifahamu nice. Unaipa kazi namba hadi 19, inakuwa mpole na kuwapisha wengine. Uzito wa kazi ya kawaida ndani ya keneli ni 1024, ya nice 19 ni 15 tu, kwa hiyo zikigombania kiini kimoja ile pole inabaki na asilimia moja na kidogo. Watu wanaweka nice 19, wanarudi kwenye brauza, mambo yako vile vile, wanasema nice haifanyi kazi. Sababu ni makundi. Tangu mwaka 2011 keneli inaweza kuzikusanya kazi za kipindi kimoja cha terminali kuwa kundi, kisha inagawa prosesa kwanza baina ya makundi, halafu ndani ya kundi. Siku hizi systemd, programu inayoanzisha na kusimamia nyingine kwenye Linux, nayo huiweka kila programu ya mezani kwenye kundi lake. Nice inalinganisha kazi zilizo ndani ya kundi moja tu. Kama Kdenlive iko kundi hili na brauza iko kundi lile, nice 19 ya Kdenlive haiisaidii brauza hata kidogo.

Ukitaka kujua uko upande gani, soma faili la cgroup.controllers lililo kwenye folda ya app.slice ya mtumiaji wako, ndani ya /sys/fs/cgroup/user.slice. Likiwa na neno cpu, uzito unaweza kugawanywa kwa makundi, na dawa ni kuianzisha Kdenlive hivi:

systemd-run --user --scope -p CPUWeight=20 kdenlive

Uzito wa kawaida wa kundi ni 100. Kwa 20, brauza ikihitaji prosesa inapewa kwanza sehemu kubwa, na isipohitaji, kurenda kunachukua chote. Hupotezi kitu ukiwa peke yako dukani usiku. Kisha kazi yenyewe ya kurenda, ambayo Kdenlive huitenga kama programu iitwayo melt, unaweza kuiongezea nice 19 kwa amri ya renice. Melt iko kundi moja na dirisha la Kdenlive, kwa hiyo hapo nice inafanya kazi yake, na dirisha lenyewe nalo linapata nafuu.

Jambo jingine dogo: kisimbaji cha x264, kinachoibana video, kwa kawaida huanzisha nyuzi (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) mara moja na nusu ya idadi ya viini. Kwako ni nyuzi sita zinazogombania viini vinne hata kabla brauza haijafunguliwa. Ukipunguza ziwe tatu kwenye mipangilio ya kurenda, kiini kimoja kitakuwa kinapumua. Harusi itachelewa kidogo kukamilika. Utajua ni kidogo kiasi gani kwa kupima, na huko ndiko tunakokwenda.

Kosa kubwa kwenye majaribio ya skejula ni kuangalia wastani. Nakupa hesabu. Kuna programu inaitwa cyclictest, iko ndani ya kifurushi cha rt-tests. Inalala kwa muda mfupi, inaamka, na kuandika imecheleweshwa kiasi gani kutoka saa iliyotakiwa kuamka. Iendeshe hivi, kwenye dirisha la terminali lisilohusiana na kurenda:

sudo cyclictest -t 4 -i 10000 -D 300 -h 50000 -q

Hizo ni nyuzi nne, kila moja ikiamka kila milisekunde 10, kwa dakika tano. Utapata vipimo kama 120,000. Tuseme 60 kati yake vilichelewa kwa milisekunde 40 na vilivyobaki havikuchelewa kabisa. Wastani utakuwa milisekunde 0.02. Ukiutazama utasema mashine inaruka kama swala. Lakini 60 ndani ya dakika tano ni mkwamo mmoja kila sekunde tano, na skrini ya Hz 60 inahitaji picha mpya kila milisekunde 16.7. Milisekunde 40 ni picha mbili zilizopotea. Hiyo ndiyo mausi yako inayoruka.

Kwa hiyo angalia mkia wa jedwali: ni vipimo vingapi vilizidi milisekunde 16, na kirefu kuliko vyote kilikuwa kipi. Wastani usiuandike hata kwenye daftari. Angalizo moja: usiongeze -p kwenye amri hiyo, ingawa maelezo mengi utakayoyakuta yanaiweka. -p inaipa cyclictest kipaumbele cha wakati halisi, inapita mbele ya kila mtu, halafu unapima foleni ya wakubwa wakati brauza yako imesimama foleni ya kawaida.

Cyclictest ni mgeni wa kuigiza. Ukitaka kujua brauza yenyewe ilisubiri kiasi gani, tumia perf, zana ya kupimia ya Linux. Wakati wa mzigo andika:

sudo perf sched record -o /dev/shm/foleni.data sleep 30

halafu

sudo perf sched latency -i /dev/shm/foleni.data --sort max

Jedwali litakalotoka lina kila programu kwa jina, na safu ya ucheleweshaji mrefu zaidi. Tafuta jina la brauza na la programu inayochora madirisha, mfano kwin_wayland, gnome-shell au Xorg. Nimeweka faili kwenye /dev/shm kwa makusudi. Hiyo ni RAM, maana rekodi ya perf ni kubwa na ukiiandika kwenye diski iliyozidiwa utakuwa unapima usumbufu wako mwenyewe. Ukimaliza ifute, na GB 8 zako tunazihitaji.

Mzigo wa jaribio uwe ule ule kila mara: kipande kimoja cha video, dakika tatu nne zinatosha, mipangilio ile ile, vichupo vile vile. Usikimbilie stress-ng, programu ya kuibebesha mashine mzigo wa bandia. Inajaza prosesa vizuri, ila katika hali yake ya kawaida hailali na haigusi kumbukumbu jinsi kurenda kunavyogusa, na skejula inayong'ara mbele yake inaweza kuchemka kwenye kazi yako. Raundi ya kwanza itupe, kwa sababu inasoma faili kutoka diski wakati zinazofuata zinalikuta tayari kwenye RAM. Kisha pima skejula ya zamani, mpya, mpya, ya zamani. Ukipima ya zamani zote asubuhi na mpya zote mchana, unalinganisha asubuhi na mchana wa Kigoma. Na kama ni laptopu, iwe kwenye chaja muda wote. Umeme ukikatika katikati, raundi hiyo haihesabiki, kwani kwenye betri prosesa hubadilisha tabia.

Andika pia muda wa kurenda kukamilika. Skejula inayopendelea watu wa debe inawakata wenye magunia mara nyingi zaidi, na kila kukata kuna gharama yake. Ukikuta mikwamo imepungua kutoka 60 hadi 8 na harusi imechelewa kwa dakika moja katika saa zima, chukua. Ukikuta imepungua hadi 50 na harusi imechelewa kwa dakika kumi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Katikati ya hapo ni uamuzi wako, wewe ndiye unayejua bwana harusi anapiga simu mara ngapi.

Sasa macho yanayojidanganya. Yanajidanganya kweli, ya kila mtu, hasa mtu aliyetumia bando la usiku kucha kupakua keneli mpya. Anataka iwe bora. Njia ya kuyadhibiti ni kutokujua. Kama keneli yako ni 6.12 au zaidi na imejengwa na sched_ext, njia ya kuchomeka skejula kutoka nje ya keneli, unaweza kubadilisha skejula kompyuta ikiwa inaendelea na kazi, bila kuzima. Unaweka kifurushi cha skejula za scx, unaanzisha mojawapo kama scx_bpfland au scx_lavd, na ukibonyeza Ctrl na C keneli inarudi kwenye EEVDF yake. Faili /sys/kernel/sched_ext/state litakuambia kama imewashwa. Na skejula hiyo ikikorofisha na kuiacha kazi bila kuhudumiwa, kuna mlinzi ndani ya keneli anayeitoa ndani ya sekunde 30 na kurudisha ya kawaida, kwa hiyo huna sababu ya kuogopa kuua mashine.

Mwite kijana wako wa dukani. Yeye awashe au azime wewe ukiwa umegeuka, aandike kwenye karatasi yake. Wewe kaa, chapa aya moja, buruta dirisha, shuka na ukurasa mrefu, kisha andika alama kati ya 1 na 5. Mrudie mara kadhaa, yeye akibadilisha bila mpangilio. Ndipo mlinganishe karatasi. Alama zako zisipofuatana na alichokuwa akiwasha, hata jedwali la cyclictest liseme nini, wewe hulioni hilo badiliko na halina faida kwako. Hii ndiyo sababu ningekushauri uanze na sched_ext badala ya BORE. BORE inataka keneli nzima iliyojengwa nayo, inataka kuzima na kuwasha kila unapolinganisha, na kila sasisho unabeba tena keneli kutoka kwa watu wengine badala ya ile ya toleo lako la Linux. Ukishaona kwa sched_ext kwamba aina hii ya upendeleo inakusaidia, kutafuta BORE kutakuwa na maana.

Muziki unaokatika nimeuacha mwisho kwa sababu huenda ni kesi ya pekee. PipeWire, programu inayoshughulikia sauti kwenye Linux, kwa kawaida hukusanya sampuli 1024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, yaani ina kama milisekunde 21 za kujipanga, na uzi wake unaopeleka sauti hupewa kipaumbele cha wakati halisi. Hausimami kwenye foleni moja na brauza. Muziki ukikatika hata hivyo, ama uzi huo haukupewa kipaumbele hicho, ama inayochelewa ni programu ya kuchezea muziki inayouletea data. Fungua pw-top wakati wa kurenda uangalie safu ya ERR, inahesabu mara ambazo programu imechelewa, jina kwa jina. Halafu ps -eLo cls,rtprio,comm itakuonyesha: ukiona TS mbele ya nyuzi zote za pipewire, hata ule unaoweza kuandikwa data-loop, badala ya FF au RR, basi rtkit, huduma inayotoa kipaumbele hicho, haipo au haifanyi kazi. Hiyo unairekebisha kwa kuiweka, na skejula unaiacha ilivyo.

Kompyuta tatu za wateja usiziguse kwa jambo hili. Hazirendi chochote. Mtu anafungua brauza, anajaza fomu, anapakia cheti, anaprinti. Zikiwa nzito, soma memory na io kwenye /proc/pressure, na nina hakika kubwa ndipo utakapokuta namba. Washa zram ili kurasa zibanwe ndani ya RAM badala ya kutupwa kwenye diski, na pesa ya kwanza itakayopatikana nunua SSD, hata ndogo, kwa ile mashine ambayo wateja wanaigombania zaidi. Keneli yake iache ile ile iliyokuja nayo.